Mpangaji wa Shangazi Azniv

Los Angeles
9 Septemba 2007

Shangazi Azniv,

Sikujua nianze na salamu au na habari, kwa hiyo nimevichanganya: shikamoo, nimepata kazi!

Ni ile kazi niliyoililia miaka yote uliyoniambia nisomee ualimu. Tangu Jumatatu nimo katika chumba cha waandishi wa tamthilia ya televisheni iitwayo Mtaa wa Jakaranda. Tuko saba, mezani kuna vikombe vingi kuliko mawazo. Mkuu wetu, mwanamke anayeitwa Corinne, hutafuna karoti mbichi mchana kutwa, na kila akimeza moja husema "hapana."

Tamthilia inahusu marafiki watano, wanawake, wanaokaa mtaa mmoja hapa mjini. Ni marafiki wa siku nyingi. Wana kazi zao, wana matatizo yao, kama marafiki wowote. Basi ni hivyo, mambo ya marafiki.

Mimi bado nakaa na yule rafiki yangu Belén, fundi wa piano. Tunagawana nyumba.

Msalimie Bi Signe mpangaji wako. Najua simu kwako ni ya habari za misiba tu, kwa hiyo nitaendelea kuandika.

Wako,
Nairi


Fowler
20 Septemba 2007

Nairi jan,

Barua yako imefika ikiwa na makosa matatu. Nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kukurudishia. Hongera kwa kazi.

Neno "marafiki" umelirudia mara nne katika aya moja. Nimefundisha miaka thelathini na sita, na mtoto anayerudia neno moja mara nne ana kitu mfukoni.

Huku zabibu bado zinakauka chini, tunamwomba Mungu azuie mvua wiki mbili tu. Mpangaji wangu alipanda juu ya paa jana kuzibua mfereji. Mwanamke wa miaka sabini na tano! Nikamwambia, "Ukianguka sikulilii." Akanijibu kutoka juu, "Nikianguka nakuangukia wewe." Ndivyo Waswidi wa Kingsburg, mji wa jirani, walivyolelewa.

Takuhi wa kanisani anasema binti yake aliiona hiyo tamthilia yako akaizima. Sikumuuliza kwa nini. Nawe usiniambie. Yako mambo ambayo ukiyaacha yakae kimya hayamdhuru mtu. Kula vizuri.

Shangazi yako,
Azniv Tashjian


Fowler
14 Oktoba 2007

Nairi,

Mimi si mwandishi, nilikuwa nesi, kwa hiyo nitaandika kama nilivyokuwa nikichoma sindano: haraka, kabla hujajikaza.

Jumapili nilimpeleka shangazi yako Kingsburg, kwa binti wa kaka yangu, ambaye ana hicho kituo chenu cha televisheni cha kulipia. Tukaiangalia tamthilia yako. Wale wanawake wawili walipoanza kubusiana jikoni, Azniv alijifunika macho kwa kiganja. Vidole vilikuwa vimeachana kama fito za uzio. Ilipokwisha akasema, "Upuuzi mtupu." Halafu akauliza kama kuna nyingine.

Tuliangalia nne.

Sasa sikiliza. Mimi si mpangaji wa shangazi yako. Sijawahi kumlipa kodi hata siku moja tangu mwaka 1966. Kile chumba ulichokuwa ukilala ulipokuja likizo, ukaambiwa ni changu na nimekuachia, sijalala humo hata siku moja. Ndiyo maana godoro lake ni jipya mpaka leo.

Yeye hatakuambia mpaka afe, nami nimechoka kuwa mpangaji. Nina umri wa miaka sabini na tano.

Kuhusu kazi yako: wanawake wenu ni wazuri, ila hawajawahi kuchemsha hata yai. Kutwa wamekaa mgahawani. Nani anafua? Halafu, mbona hakuna hata mmoja aliyevuka miaka arobaini? Wakizeeka mnawapeleka wapi?

Ukinijibu, tuma Kingsburg, anwani iko nyuma ya bahasha. Azniv asijue.

Signe Lindqvist


Los Angeles
22 Oktoba 2007

Bi Signe mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikakaa chini palepale kwenye ngazi, nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka jirani akatoka kuniuliza kama nimefiwa.

Mimi na Shangazi tumekuwa tukifichana kitu kilekile! Belén si mwenzangu wa kugawana nyumba. Ni miaka mitano sasa. Kila Krismasi nikija huko namwacha hapa peke yake na sahani ya mabaki, narudi na mtungi wa jamu ya aprikoti aliyopika Shangazi, naye Belén anaila kwa kijiko na kusema, "Huyu mama akinijua atanipenda." Nami namjibu, "Humjui." Kumbe mimi ndiye nisiyemjua.

Swali lako la wakizeeka wanakwenda wapi nililipeleka mezani. Nikasema tuwaweke mabibi wawili, majirani wa wale marafiki watano, wamekaa pamoja miaka arobaini. Mwenzangu mmoja akacheka: "Nani atawasha televisheni kuona vikongwe wakishikana mikono?" Corinne akatafuna karoti yake. Hakusema "hapana." Alisema, "Niletee kisa chao."

Ninacho wapi kisa, Bi Signe, kama si kwako? Mlikutana vipi?

Wako,
Nairi


Kingsburg
30 Oktoba 2007

Nairi,

Chawa ndio waliotukutanisha.

Nilikuwa nesi wa shule, yeye mwalimu wa darasa la tatu. Akaja na darasa zima, watoto thelathini na mmoja, wote wanajikuna. Nikawakagua mmoja mmoja. Wa mwisho alipotoka nikamwambia, "Mwalimu, na wewe kaa." Akakataa. Akasema katika ukoo wa Tashjian hakuna mtu aliyewahi kuwa na chawa tangu walipotoka Kharpert, nchi ya Waarmenia. Huku anasema, anajikuna.

Nywele zake zilifika kiunoni wakati ule. Nilizichana kwa siki na kitana chembamba saa mbili nzima. Halafu akaanza kunisimulia juu ya mama yake. Nilipomaliza, hakuinuka.

Ndiyo hivyo. Usiiandike kama shairi. Andika siki.

Signe


Los Angeles
25 Februari 2008

Bi Signe,

Mgomo wetu wa waandishi umekwisha. Miezi mitatu nilizunguka na bango mbele ya lango la studio mpaka viatu vikafunguka soli. Kila nikitembea nilikuwa nakiandika kisa chenu kichwani. Sasa kimo kwenye karatasi, na Corinne amekikubali.

Nakutumia nakala. Kuna mambo aliyoyaongeza yeye ambayo siyapendi, hasa mwishoni. Soma ukurasa wa arobaini na moja kwa moyo mgumu. Bado nabishana naye.

Nina haraka, gari la posta linapita sasa hivi.

Nairi


Fowler
3 Machi 2008

Nairi,

Bahasha ya mpangaji wangu imekuja hapa. Kwa haraka yako umeandika anwani uliyoizoea, si ile ya Kingsburg, ambayo amekwisha kuikiri. Nami huwafungulia barua watu wa nyumba hii, kwa sababu nyumba hii ina watu wawili tu.

Chawa, Nairi! Umewachukua chawa wangu ukawaweka kwenye televisheni ya Amerika nzima!

Nimesoma kurasa zote. Mwalimu mkali wa Kiarmenia, nesi wa Kiswidi, mizabibu nyuma ya nyumba. Umebadilisha majina ukadhani umebadilisha watu. Halafu ukurasa wa arobaini na moja: nesi anakufa kwenye kiti chake, kitana mkononi, na mwalimu anapiga magoti na kumwambia kwa mara ya kwanza kwamba alimpenda.

Umemuua Signe. Nilimtazama dirishani. Alikuwa uani anamfokea kunguru.

Sasa nitakwambia mambo uliyokuwa umefichwa, maana wenye siri tumekwisha kuvuliwa nguo. Mwaka 1978, jimbo hili lilipopiga kura kama walimu wa aina yangu wafukuzwe kazi, Signe alihamisha nguo zake zote chumba cha pili na kubandika jina lake mlangoni, kama hoteli. Kura ile ilishindwa. Jina alilibandua baada ya miaka kumi. Na alipopasuliwa nyonga, nesi wa zamu akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema, "Mwenye nyumba." Nikaambiwa wenye nyumba wanangoja nje. Nilikaa kwenye benchi kwa saa tisa, Nairi. Sikulia kwa sababu mwenye nyumba halii.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Sikuishi hivyo ili wewe uje uwalize watu kwa maiti yake.

Nakukataza.

Azniv Tashjian


Los Angeles
8 Machi 2008

Shangazi yangu,

Huna kosa hata moja, mimi ninayo yote. Nilimwomba Bi Signe kisa bila kukuomba wewe, na nusu ya kisa ilikuwa yako. Nisamehe.

Kifo si changu. Corinne ndiye aliyekitaka. Anasema mapenzi ya wazee bila msiba ni kama chai bila majani, hakuna atakayekumbuka. Lakini mimi ndiye niliyekiandika, kwa mkono wangu, kwa hiyo sijitetei.

Ukisema "ondoa," kesho nakiondoa kisa chote. Nitamwambia Corinne nimeshindwa. Kazi nyingine zipo. Shangazi mwingine sina.

Ila usinijibu kabla hujajua ni nani unayemjibu. Belén si mpangaji mwenzangu. Ninampenda, Shangazi. Mimi pia nimejifunza kusema "tunagawana nyumba" bila kupepesa macho, na sikujua kwamba tabia hiyo nimeirithi kwako.

Nangoja kalamu yako nyekundu.

Nairi wako


Fowler
19 Machi 2008

Nairi jan,

Siku kumi sikuongea na Signe. Yeye aliongea, mimi nilikuwa napika. Siku ya kumi na moja akaweka karatasi zako mezani akasema, "Azniv, umenificha vizuri sana. Hakuna aliyenipata. Sasa naomba unitoe." Akaenda kulala.

Nimekaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa.

Haya. Chawa nakupa.

Lakini mtu hafi. Hilo si ombi. Signe ana presha na nyonga ya chuma na bado yu hai, basi na huyo nesi wako ataishi. Mwambie huyo bibi wa karoti kwamba sisi tumezika watu wa kutosha. Anayetaka msiba aende makaburini.

Pili, huyo mwalimu hasemi "nakupenda" akiwa amepiga magoti. Kwanza goti hatalikunja. Halafu, watu waliokaa miaka arobaini na miwili hawaambiani hivyo. Mimi humwambia, "Umekula?" Naye hujibu, "Nakungoja wewe." Ndiyo yote hiyo. Andika hivyo.

Nakala yako narudisha. Wino mwekundu uliniishia ukurasa wa thelathini, nikaendelea na wa kijani.

Belén umlete Jumapili yoyote ya Aprili. Miaka mitano umeniletea mitungi mitupu ya jamu, nikawa najiuliza mtoto mwembamba namna hii anaiweka wapi. Anakula majani ya mzabibu yaliyofungwa wali ndani?

Shangazi yako


Los Angeles
2 Juni 2008

Shangazi,

Belén bado anawasimulia watu wote anaowatengenezea piano kuhusu ile Jumapili. Anasema amekula majani ya mzabibu ishirini na mawili na ukamwita "kiumbe dhaifu" kwa kukataa la ishirini na tatu.

Sasa habari yenyewe. Sikukwambia mapema kwa sababu sikutaka uombe na usipewe.

Nilimwekea Corinne kurasa zako mezani, nyekundu na kijani. Nikamwambia siandiki kifo. Akasema, "Basi ataandika mwingine, na wewe utafute meza nyingine." Nikakusanya kalamu zangu. Nilikuwa nimefika kwenye maegesho ya magari aliponiita. Akaniambia sawa, tutapiga picha za miisho yote miwili, halafu tutaona.

Siku ya kupiga picha, kifo ndicho kilichoanza. Anayecheza nesi ni mama wa miaka sabini na nne, Philippa, ambaye umemwona kwenye filamu nyingi bila kujua jina lake. Wakamkalisha kitini, wakampa kitana. Mwongozaji akasema, "Tayari, bibi, kufa." Philippa akafumba macho. Tukangoja. Akayafumbua.

Akasema, "Nimekufa mara kumi na tisa mbele ya kamera. Kwa risasi, kwa homa, kwenye treni mara mbili. Kila nilipopewa mwanamke wa kumpenda, nilikufa kabla ya kufunga mlango. Leo sifi. Leteni huo mwisho mwingine."

Fundi wa taa, jitu la mwili mkubwa ambalo sijawahi kulisikia likisema neno, akashuka kwenye ngazi yake na kuanza kumpigia makofi. Wengine wakafuata. Corinne aliwatazama waliokuwa wakipiga makofi, halafu akamtazama mwongozaji. "Mwisho mwingine," akasema.

Shangazi, walipoketi mezani na yule mwalimu akauliza, "Umekula?", na Philippa akajibu, "Nakungoja wewe," Corinne aliziba mdomo kwa mkono. Kifo hakikupigwa kabisa.

Itaonyeshwa tarehe 22. Diski hii nimeomba ruhusa niwatumie ninyi wawili tu. Msimwonyeshe mtu.

Nairi


Fowler
9 Juni 2008

Nairi jan,

Nimewaonyesha watu tisa.

Jana baada ya ibada niliwaalika kina mama wa kanisa waje kwa kahawa. Signe alidhani ni kikao cha bazaa, lile soko la hisani la kanisa. Nilikuwa nimekwisha kununua televisheni mpya, nayo Signe alidhani ni kwa ajili ya macho yangu. Nikawakalisha, nikawapa kahawa na keki ya lozi, nikasema, "Nairi wangu ameandika hii. Anayetaka kutoka ajue mlango haujafungwa." Nikaiwasha.

Signe alipoona kitana akanigeukia, uso umemwiva. Nikamwambia, "Tazama mbele."

Ilipofika katikati, Mama Yeretzian alichukua mkoba wake akatoka. Nikamsindikiza kwa macho, sikumfuata. Wengine wanane walibaki mpaka mwisho. Nikasimama. Nairi, nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na lile la jana ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Nikasema, "Yule mwalimu ni mimi. Yule nesi ni huyu hapa. Signe si mpangaji wangu, hajawahi kuwa. Niliwadanganya miaka arobaini na miwili na mkanisaidia kudanganya, kwa kutoniuliza. Leo ulizeni."

Takuhi ndiye aliyeinua mkono. Takuhi! Kama mtoto wa darasa la tatu. Nikajua sasa ndiyo sasa. Akasema, "Azniv, mimi nina swali moja. Mume wangu, Mungu amrehemu, tulikaa miaka hamsini na hakuwahi kuningoja na chakula hata siku moja. Ulimpata wapi huyu?"

Walicheka mpaka Mama Manoushag akamwaga kahawa kwenye zulia. Signe alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza. Takuhi akamsogelea, akakivuta kile kitambaa, akambusu mashavu yote mawili, akamwambia, "Na ile supu uliyoniletea nilipougua, nilijua ni ya mke wa mtu. Wapangaji hawapiki hivyo."

Sasa unajua mahakama imesema nini mwezi uliopita, na kwamba kuanzia tarehe 17 ofisi ya wilaya itatoa vyeti vya ndoa kwa watu kama sisi. Tutakuwa pale Fresno mlango unapofunguliwa. Katika kadi yako ya juzi umesema siku hiyo mnapiga picha za mwisho wa msimu na huwezi kutoka. Sikiliza, mwanangu: nakupenda, lakini nimengoja tangu mwaka 1966, siwezi kungoja na ratiba yako. Tutakula pamoja mkija.

Shangazi yako


Fresno
17 Juni 2008, saa nne asubuhi

Nairi,

Naandika nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya wilaya. Shangazi yako yuko pale chini anapigwa picha na watu asiowajua.

Tulikuwa wa saba kwenye foleni. Takuhi alitusindikiza kwa gari lake, akabeba maua ya bustani yake na kiti cha kukunja. Wako waliokuja na mabango ya kutulaani, wamesimama ng'ambo ya barabara. Azniv aliwatazama, akasoma bango moja, akasema, "Wamekosea tahajia." Tukaingia.

Karani ni binti mdogo, aliziangusha fomu zetu mara mbili. Akasema ndiyo mara yake ya kwanza kufungisha ndoa. Azniv akamwambia, "Polepole, binti, hatuna haraka." Binti akavuta pumzi, akaanza: "Je, wewe, Azniv Tashjian, unamkubali..."

"Ndiyo!" akasema Azniv.

Kwa sauti ya kusimamisha uwanja mzima wa shule, Nairi. Karani alikuwa hata hajafika kwenye jina langu. Milango ya ukumbi ilikuwa wazi. Foleni nzima iliyokuwa nje ikasikia, ikapiga kelele, watu wakakumbatiana na watu wasiowajua, na mlinzi wa mlangoni akavua kofia yake.

Ikabidi aulizwe upya, kwa utaratibu. Akajibu tena vilevile, kwa nguvu zaidi.

Mkewe,
Signe